Chonga wa Minazi na Virusi Wake: Mwongozo wa Kutambua Kirusi Kizima kwa Jeni Zake za Msingi

Mkulima wa minazi wa Kaole au wa Pangani haelezwi chonga ni nani. Kuti jipya linafunguka likiwa na mikato ya umbo la V, kichwa cha mnazi kina tundu lililojaa nyuzi zilizotafunwa, na mche mchanga unakufa moyo kabla haujafikia kuzaa. Mbawakawa huyu mweusi mwenye pembe, kitaalamu Oryctes monoceros, huruka na kushambulia usiku. Mayai hutaga kwenye magogo ya minazi yanayooza, kwenye vumbi la mbao na kwenye malundo ya samadi.

Ana adui asiyeonekana kwa macho. Mwaka 1963 mtaalamu wa Ujerumani, Alois Huger, alikuta Malaysia mabuu wa ndugu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros, wakifa kwa kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Mwaka 1967 kirusi hicho kilipelekwa Samoa, kikaenea, na uharibifu wa minazi ukapungua sana. Baadaye kikapelekwa visiwa vingine vya Pasifiki. Katika miaka ya 1980 kiliachiwa Tanzania pia, dhidi ya chonga wetu. Leo kinaitwa nudivirusi ya Oryctes, kwa kifupi OrNV.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mtafiti kijana au bwana shamba aliye karibu na maabara ndogo, anayetaka kujua kama chonga wa shamba fulani wana OrNV au ndugu yake asiyejulikana bado. Msimamo wangu niuseme mapema. Kuona mstari wa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA hadi kionekane) kwenye jeli na kutangaza kuwa kirusi kimepatikana ni kuharakisha mambo. Kinachomsaidia mkulima ni kirusi kinachoweza kunakili DNA yake, kujijenga chembe nzima, kisha kuingia tumboni mwa chonga mwingine. Kila moja ya kazi hizo ina jeni zake, na jeni hizo ndizo tutakazozifuata.

Jeni za msingi na kazi zake

Nudivirusi ni ndugu wa mbali wa bakulovirusi, wale wanaoua viwavi. Jamaa hizi mbili zilitengana mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Bakulovirusi zote zinazojulikana zina jeni 38 zinazopatikana kwa kila mmoja wao. Hizo ndizo zinazoitwa jeni za msingi. Jenomu ya OrNV, yaani DNA yake yote, ina jozi 127,615 za besi (herufi za DNA) na jeni zipatazo 139, na kati ya zile 38 za msingi, 20 zimetambuliwa ndani yake. Jeni nyingine zimekuja na kuondoka, lakini hizi zimebaki, kwa sababu kirusi kinachozipoteza hakiachi kizazi.

Zigawe kwa kazi. Ya kwanza ni kunakili DNA, ambako utakuta dnapol na helicase. Ya pili ni kusoma jeni za hatua za mwisho: p47, lef-4, lef-8 na lef-9 huunda polimerasi ya RNA ya kirusi chenyewe, na bila hiyo protini za mwili wa kirusi hazitengenezwi kwa kiasi kinachotakiwa. Ya tatu ni ujenzi wa chembe, ambako zimo vp39, 38K, vlf-1 na p33. Ya nne ni kuingia kwenye utumbo wa mdudu, kazi ya jeni za pif, na p74 ni mojawapo.

Ujenzi unastahili kuelezwa kwa kirefu. Tunayoyajua mengi yametokana na AcMNPV, kirusi cha kiwavi ambacho jenomu yake ilichapishwa mwaka 1994. Kazi hufanyika ndani ya kiini cha seli. Protini ya VP39 hujipanga kuwa mrija, yaani kapsidi. Wakati huohuo DNA inatakiwa ibanwe. Ukipiga hesabu, jozi 127,615 za besi zikinyooshwa hufikia takriban nanomita 43,000, na mwili wa OrNV una urefu wa nanomita 200 na kitu. Kwenye AcMNPV kazi ya kubana hufanywa na protini ndogo iitwayo P6.9, iliyojaa arginini, kiungo cha protini chenye chaji chanya kinachoshikana na DNA. Mwanzoni P6.9 huwa imebeba fosfeti, na fosfeti hizo hudhoofisha mshiko. Hapo ndipo 38K inapoingia: huziondoa fosfeti, P6.9 ikaishika DNA barabara, na DNA ikakunjwa ndani ya kapsidi. Watafiti walipoiondoa 38K kwenye AcMNPV, seli zilijaa mirija mitupu. Kapsidi zilikuwepo, ndani hamna kitu. Walipoiondoa vlf-1, mirija ilitoka na kasoro na hakuna kirusi kilichoweza kuambukiza. P33 nayo ni kimeng'enya kinachounda vifungo vya salfa kati ya sehemu za protini.

Jeni za pif zinafuata mkondo tofauti. Kirusi kisicho na p74 hujengwa kikamilifu, na ukikidunga ndani ya mwili wa mdudu kinaambukiza. Ukimlisha mdudu kirusi hichohicho, hakuna kinachotokea, kwa sababu protini za PIF ndizo zinazofungua njia kwenye seli za utumbo. Shambani hakuna anayemdunga chonga sindano. Bila pif, kirusi hakina maisha nje ya maabara.

Kwa nini jeni moja haitoshi? Kwa sababu DNA ya nudivirusi hukutwa pia pasipo na nudivirusi. Panzi mdogo wa kahawia wa mpunga, Nilaparvata lugens, amebeba ndani ya kromosomu zake jeni za nudivirusi wa kale. Kuna nyigu wa jamii ya Braconidae ambao babu zao walimeza nudivirusi mzima kwenye jenomu yao, na hadi leo wanatumia jeni zake kujenga chembe za kubebea DNA ya nyigu wenyewe. PCR ya jeni moja haiwezi kutenganisha mabaki ya namna hiyo na kirusi anayeambukiza.

Hatua ya kwanza: kuwapata chonga na kuwatenga

Anza na kibali cha mwenye shamba na taarifa kwa serikali ya kijiji. Pwani ya Bagamoyo, pamoja na eneo la Chambezi ambako minazi imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi. Shina lililobaki bila kichwa huoza polepole, na ndani yake ndimo chonga hutaga. Pasua magogo hayo kwa shoka na utafute mabuu wanene weupe waliojikunja, mabuu waliokufa, mabundo (hatua kati ya buu na mdudu mzima), na chonga wapya ambao bado hawajaruka. Chonga wakubwa unaweza pia kuwatoa kwenye matundu kwa waya wenye ncha iliyopinda, kazi ambayo wakwezi wanaijua vizuri kuliko sisi wa maabara, au kuwanasa kwa mtego wenye kivutio cha ethyl 4-methyloctanoate, harufu ambayo dume hutoa kuwaita wenzake.

Kila mdudu akae kwenye kopo lake. Sharti hili usilegeze. Chonga mwenye OrNV hutoa kirusi kwa wingi kwenye kinyesi. Ukichanganya kumi ndani ya ndoo moja na kuwasafirisha nusu siku kwenye joto, aliyekuwa mzima anaweza kufika akiwa amejipaka kinyesi cha mgonjwa, na takwimu zako za maambukizi zitakuwa zimeharibika kabla hujafungua maabara. Andika kwa penseli kwenye karatasi ndani ya kopo: tarehe, kijiji, alipopatikana (gogo, samadi, kichwa cha mnazi au mtego), jinsia kama unaijua, na kama ni buu, hatua yake.

Mabuu waangalie palepale. Aliyeambukizwa hulegea, mafuta ya mwili huyeyuka, na tumbo huonekana kama linapitisha mwanga. Mara nyingi hupanda juu ya takataka badala ya kujichimbia. Dalili hizi zinakupa pa kuanzia, lakini si ushahidi, maana bakteria na kuvu huua mabuu pia.

Hatua ya pili: kupasua na kugawa sampuli

Mpoze chonga kwenye barafu hadi atulie. Kata mbawa ngumu, fungua mgongo kwa mkasi mdogo na utoe utumbo wa kati. Wa chonga mzima ni mwembamba na una rangi ya kahawia. Wa mgonjwa aliyefikia kiwango cha juu huwa umevimba na ni mweupe kama tui, kwa sababu seli zake zinaongezeka, zinajaa kirusi na kumwagika ndani. Piga picha ya kila mmoja kwenye sahani nyeusi yenye rula. Picha itakusaidia baadaye matokeo ya PCR yatakapogongana na kumbukumbu yako.

Kati ya mdudu na mdudu, safisha vifaa kwa klorini, suuza kwa maji safi, kisha pitisha kwenye moto. Ethanoli peke yake haiharibu DNA, kwa hiyo isikuridhishe.

Utumbo ugawe mara tatu. Sehemu ya kwanza itie kwenye ethanoli ya asilimia 95, ya kuchukulia DNA kwa kawaida. Ya pili igandishe haraka bila ethanoli, kwa nyuzi −80 ikiwezekana, kwa ajili ya jaribio la hatua ya tatu. Ya tatu, kipande kidogo kama punje ya mchele, kitie kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2.5 kwa ajili ya darubini ya elektroni. Kemikali hiyo inachoma macho na mapafu, hivyo ifanyie kazi chini ya kabati la kuvuta hewa. Wengi huweka kila kitu kwenye ethanoli kwa sababu ni rahisi, kisha wanagundua wamejifungia njia, kwani ethanoli huharibu chembe na jaribio linalofuata linahitaji chembe nzima.

Hatua ya tatu: kuuliza kama DNA iko ndani ya kapsidi

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na hakuhitaji mashine ya gharama. Saga kipande kilichogandishwa ndani ya bafa baridi, zungusha kwa kasi ndogo ili mabaki ya seli yatulie chini, kisha pitisha maji ya juu kwenye kichujio cha mikromita 0.45. Usitumie cha 0.22, kwa kuwa chembe za OrNV zina upana wa nanomita 100 hivi na urefu zaidi ya 200, na nyingi zitakwama.

Gawa kimiminika mara mbili sawasawa. Nusu ya kwanza iongeze DNase I, kimeng'enya kinachokata DNA, pamoja na magnesiamu, nusu ya pili iongeze bafa tupu. Ziweke zote nyuzi 37 kwa saa moja. Simamisha kimeng'enya kwa kemikali ya EDTA na joto la nyuzi 75 kwa dakika 10. Ndipo uongeze proteinesi K, kimeng'enya kinachokata protini, kufungua kapsidi na kuchukua DNA kwa njia uliyoizoea.

Mantiki ni hii. DNA iliyo uchi, iwe ya chonga au mabaki ya kirusi cha kale ndani ya kromosomu zake, italiwa na DNase. DNA iliyofungwa ndani ya kapsidi iliyojengeka itabaki. Kwa hiyo unakuwa unauliza, kwa bomba la plastiki na kimeng'enya, kama VP39, 38K na wenzao walifanya kazi yao.

Weka vidhibiti viwili. Tumbukiza plasmidi (DNA ndogo ya duara) unayoijua kwenye kila bomba la DNase. Kama plasmidi bado ipo mwishoni, kimeng'enya hakikufanya kazi na jaribio halihesabiki. Pima pia jeni ya kiini cha seli ya chonga, kama 18S, ambayo lazima ififie sana kwenye nusu yenye DNase. Usitumie jeni ya mitokondria kwa kazi hii, kwa sababu mitokondria ina utando wake unaoweza kuikinga.

Hatua ya nne: PCR ya jeni tatu

Chagua jeni moja kwa kila moja ya kazi hizi tatu: dnapol ya kunakili, 38K au vlf-1 ya ujenzi, na p74 au pif-1 ya kuingia. Wengi huvutiwa na vp39 kwa kuwa ndiyo protini kuu ya kapsidi, lakini mfuatano wake umebadilika sana kati ya jamaa na jamaa. Ni nzuri ukishakuwa na jenomu nzima mkononi, mbaya kwa kuwindia kirusi usichokijua.

Kwa OrNV yenyewe tengeneza praima mahususi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) kutoka kwenye jenomu iliyo kwenye hifadhidata ya NCBI. Kwa ndugu asiyejulikana utahitaji praima mchanganyiko, zenye herufi mbadala pale mfuatano usipojulikana. Panga protini ileile kutoka OrNV, nudivirusi ya nyenje Gryllus bimaculatus, nudivirusi ya Helicoverpa zea na nudivirusi ya kamba Penaeus monodon, kisha tafuta sehemu zisizobadilika. Pendelea sehemu zenye methionini na triptofani, viungo vya protini ambavyo kila kimoja kina kodoni moja tu (kodoni ni herufi tatu za DNA zinazotaja kiungo kimoja). Kimbia leusini, serini na arginini zenye kodoni sita kila moja. Mwisho wa 3' wa praima uangukie kwenye besi mbili za kwanza za kodoni isiyo na utata, usiuache kwenye besi ya tatu inayoyumba.

Utumbo wa mdudu anayekula mnazi una kemikali za mmea zinazozuia PCR. Kabla hujaandika hasi, rudia na DNA iliyozimuliwa mara 10. Bomba lisilo na DNA liwepo kila mara. Bidhaa zote zipelekwe kusomwa mfuatano, maana ukubwa sahihi kwenye jeli si utambulisho.

Hatua ya tano: kwenye kompyuta

Kompyuta ndogo na intaneti ya kawaida vinatosha. Tafsiri mfuatano kwa fremu zote sita (namna sita za kuusoma kuwa protini), linganisha na hifadhidata kwa programu ya BLASTX, halafu panga kwa MAFFT na ujenge mti wa ukoo kwa IQ-TREE, ukiweka bakulovirusi kadhaa kama kundi la nje la kulinganishia. Linganisha protini badala ya DNA, kwa kuwa umbali kati ya jamaa hizi ni mkubwa na besi zenyewe zimeshafutika alama.

Chunguza mambo mawili kwa makini. La kwanza, je, jeni inasomeka mwanzo hadi mwisho bila kodoni ya kusimama katikati? Jeni ya msingi iliyokatika ni dalili ya mabaki. La pili, majirani. Kwenye AcMNPV, helicase, pif-4, 38K na lef-5 zimekaa karibukaribu, na kwenye nudivirusi helicase na pif-4 zimeendelea kuwa majirani. Ukiweza kuvuta kipande kirefu kinachobeba zote mbili, ushahidi wako umepata nguvu. Kukosa P6.9 kwenye utafutaji wa BLAST kusikutishe. Ni protini fupi yenye herufi zilezile zikijirudia, na programu huipita kirahisi.

Kuyasoma matokeo

Jeni zote tatu zipo, na zinabaki baada ya DNase: una kirusi kilichojengeka. Omba nafasi ya darubini ya elektroni uthibitishe chembe za kirusi zenye umbo la kijiti kwenye kiini cha seli. Jeni zipo lakini zinatoweka baada ya DNase: ama sampuli iliyeyuka na chembe zikapasuka, ama ni mabaki ya kromosomu. Rudia na utumbo mbichi kabla ya kuamua. Jeni moja ipo na mbili hazipo kabisa: shuku mabaki au uchafuzi wa maabara, na usiandike popote kuwa umepata kirusi.

Hali moja inasumbua zaidi: dnapol na 38K zinabaki, p74 haionekani. Inawezekana praima zako hazishiki, inawezekana pia unatazama kitu kinachojijenga lakini hakiingii kwa njia ya mdomo. Hapo majaribio ya wadudu ndiyo yanayoamua. Chukua chonga waliolelewa kwenye maabara, uwape tone la sukari ya asilimia 10 lenye kimiminika ulichochuja. Kundi jingine la chonga haohao lidungwe kimiminika hichohicho, na makundi mawili ya udhibiti yapewe kimiminika kilichochujwa kutoka kwa chonga asiye na ugonjwa. Wakifa waliodungwa na wakapona waliolishwa, tatizo liko kwenye pif.

Tanga kuna sababu nyingine ya kujifunza njia hii. Kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga kililea mbung'o Glossina austeni, ambao madume wao waliohasiwa kwa mionzi waliachiwa Unguja kati ya 1994 na 1997 hadi mbung'o akatokomezwa kisiwani. Adui wa malezi ya mbung'o, hasa Glossina pallidipes, ni kirusi kinachovimbisha tezi za mate. Jenomu yake ya aina ya Uganda ina jozi 190,032 za besi, na nacho kina jeni za pif. Anayelinda mbung'o dhidi ya kirusi na anayetaka kirusi kiue chonga wanasoma ukurasa mmoja wa jeni, kila mmoja kwa haja yake.

Kabla ya kuachia chochote

Usipeleke kimiminika ulichochuja shambani, hata kama ni cha chonga wa kijiji hichohicho. Utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kuingiza au kuachia kiumbe cha kudhibiti wadudu kunapitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kuna sababu ya kisayansi pia. Guam, mwaka 2007, aliingia mbawakawa wa minazi wa aina ambayo aina za kawaida za OrNV hazikumweza, na aina hiyo imeenea visiwa vingine. Kirusi kilichofanya kazi Samoa kwa Oryctes rhinoceros hakina wajibu wa kufanya kazi Kiromo au Kigombe kwa Oryctes monoceros, kwa hiyo aina ya hapa, ikipatikana, ipimwe kwa chonga wa hapa. Hifadhi sehemu ya kila sampuli chanya kwa nyuzi −80, kwenye jokofu mbili tofauti zenye umeme wa njia tofauti.

Mkulima aliyekupa chonga wake mpelekee jibu mapema, hata kabla jenomu haijakamilika. Wakati kirusi kinachunguzwa, magogo yapasuliwe na kuchomwa au kufukiwa, shina lililokufa lisiachwe limesimama, na samadi igeuzwe mara kwa mara ili mabuu watolewe. Mwambie pia akutunzie kwenye kopo lake peke yake buu yeyote atakayemkuta amelegea juu ya takataka.